Ndaya wa Bombani

Asubuhi ile Mama Adèle alipofika bombani na bidoni zake za njano, alimkuta jirani yake Ndaya amekaa kwenye ukingo wa saruji, amejifunga kitenge cha bluu, analia. Adèle aliweka bidoni zake kwenye foleni, akampa pole, akakaa kando yake kama jirani anavyokaa na jirani. Ndaya alilia kwa sauti ya chini, akijifuta kamasi kwa pembe ya kitenge. Zamu ilipofika, Adèle alijaza maji, akajitwika bidoni moja na nyingine akaishika mkononi, akashika njia ya kurudi kwake. Alipopita mbele ya ua wa Ndaya, akamwona Ndaya anafagia.

"Jambo, Ndaya."

"Jambo, mama Adèle."

"Uko hapa na uko kule?"

Ndaya aliusimamisha ufagio, akatazama upande wa bomba. Kutoka uani kwake kichwa cha yule mwingine kilionekana juu ya ukuta wa matofali, kimeinama.

"Eeh," alijibu. "Tangu jana."

Adèle alimwambia kwamba maji leo yanatoka kwa nguvu, afadhali awahi kabla foleni haijawa ndefu, kisha akaenda zake kupika.

Hakuna aliyeuliza sana. Kolwezi ni mji ambao nyumba hupasuka bila kuguswa na mtu, na barabara huhamishwa ikiwa shaba imeonekana chini yake. Mtu kukaa mahali pawili si jambo la kumwamshia padri. Tena sababu yake ilijulikana mtaa mzima wa Dilala.

Mwaka uliopita, wakati wa mvua, Ndaya alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wakunga walimgeuza, wakampiga mgongoni, wakampulizia puani, naye akabaki kimya na uso wa mtu aliyechoshwa na safari. Walimzika siku hiyohiyo bila matanga. Mtoto ambaye hakulia hawekewi kilio, ndivyo wanavyosema wazee wa kwao, na mama yake haruhusiwi kumlilia, asije akaifunga njia ya wanaomfuata. Ndaya alitii. Alirudi nyumbani na tumbo tupu, akalala akielekea ukutani, na hakuamka kupika wala kuoga. Siku aliyoamka alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la zamani la mgodi nyuma ya mtaa, akakaa ukingoni, miguu inaning'inia. Mume wake Gracien, aliyekuwa anatoka kazini, alimwona kutoka barabarani. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa nyuma yake, akamzungushia mikono, akamvuta polepole mpaka mahali penye nyasi.

Ndipo alipopelekwa kwa Symphorien, muuguzi wa kituo cha afya, mtu mrefu mwenye sauti ya kuimba kwaya. Symphorien alimsikiliza, akampa vidonge vyeupe, nusu kila jioni baada ya kula.

"Dawa haitaondosha mambo yenyewe, mama," alisema. "Itakusaidia paka kusimama, kusimama tu."

Haki lazima isemwe: ilimsaidia. Ndaya alisimama. Alifua, alipika ugali wa bukari na mboga ya sombe, alimsuka nywele binti yake Gloire, alisalimia watu njiani. Mdomo wake ulikauka, na kila mara alipiga miayo mirefu, hata kanisani, hata katikati ya mazungumzo. Hayo aliyazoea. Lakini chakula kilikuwa hakina ladha, na kucheka kulikuwa kama neno analolijua ambalo haliji mdomoni. Gracien alipomnyooshea mkono chumbani, alimpisha kama mtu anavyompisha mwenzake mlangoni. Gracien akaurudisha mkono wake, akageukia upande wake wa kitanda.

"Sisikie kitu, tata," Ndaya alimwambia Symphorien. "Maumivu imeisha. Na ingine yote imeisha."

"Inakuaka vile kwa batu bamoja," Symphorien alisema. "Ile mubaya ikipungua, na ile muzuri inapunguaka nayo. Tungojeko kidogo."

Wakangoja. Na kile kilichokuwa kinapungua kwa Ndaya, siku hiyo ya bidoni za njano, kilionekana kimekaa bombani na kitenge cha bluu.

Watu walimwita Ndaya wa Bombani ili kumtofautisha na yule wa nyumbani. Hakuwa mtu wa kulia tu, kama walivyodhani mwanzoni. Foleni ilipochangamka na mwanamke mmoja akasimulia jinsi mumewe alivyodondoka na pikipiki ndani ya dimbwi, Wa Bombani ndiye aliyecheka mpaka akajishika mbavu. Akipewa karanga za kukaanga, alizila amefumba macho. Aliimba. Alikasirika na watu wanaokata foleni, akawatukana wazi, kisha akawaomba msamaha. Wanawake wakaanza kuja bombani mapema wapate kukaa naye. Mama Adèle, ambaye hakupenda mambo yasiyopangwa, alisema kazi imegawanywa vizuri: mmoja anashika nyumba, mwingine anashika moyo.

Gracien, akitoka zamu kwenye lori lake kubwa la mgodini, hakuwa tena anapitiliza nyumbani. Alisimama bombani na vumbi jekundu kwenye nyusi, akakaa kando ya Wa Bombani, wakazungumza mpaka giza linaingia. Vijana wa pikipiki walimtania kwamba siku hizi ana wake wawili.

"Mutu anaweza kukoseya bibi yake na bibi yake mwenyewe?" aliwajibu, nao wakacheka, na Wa Bombani akacheka kuliko wote.

Ndaya aliwatazama kutoka uani. Aligundua kwamba haoni wivu. Aliligundua hilo kama mtu anavyogundua kwamba chumvi imekwisha, akarudi ndani kuandaa sahani.

Aliyefaidika kuliko wote alikuwa Gloire, ambaye alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kwa kusukwa nywele alikwenda kwa mama wa nyumbani, maana mikono yake ilikuwa imetulia na haikuvuta. Kwa hadithi, na kwa kulala na kichwa kwenye paja, alikwenda kwa mama wa bombani. Wote wawili aliwaita mama, na kama mmoja akimkatalia kitu hakupeleka mashtaka kwa mwenzake, kwa kuwa alijua jibu litakuwa lilelile.

Kisha vidonge viliisha kituoni. Gari la dawa lilikwama mahali fulani njiani, na Symphorien alibaki anafungua kabati na kulifunga. Ndaya alianza kusikia umeme kichwani. Akigeuza macho, kichwa kilichelewa kufuata. Jioni moja Wa Bombani alisimama, akakung'uta kitenge chake, akaingia uani na kupita mlangoni bila kubisha. Alikaa kitandani kando ya Ndaya, akamshika mkono. Gracien na Gloire, waliokuwa wanakula, waliona wanawake wawili wamekaa, na walipoinua macho tena waliona mmoja.

Huyo mmoja alilia mpaka godoro likaloana. Alimlilia mtoto aliyekatazwa kumlilia, kwa jina ambalo hakuna aliyejua kwamba alikuwa amempa. Alimkumbatia Gloire mpaka Gloire akasema anaumia. Alimpenda mume wake. Na asubuhi alikuwa njiani kuelekea kwenye shimo. Gracien alimfuata mbio bila viatu, akamvuta tena kutoka ukingoni. Halafu akapanda basi mpaka Likasi, akazunguka huko maduka ya dawa mpaka akapata vidonge vilevile.

Ndaya alianza tena nusu yake ya kila jioni. Yule mwingine alitoka kidogo kidogo: kwanza alionekana mlangoni, kisha chini ya mti wa mapapai, na mwisho akawa amekaa mahali pake kwenye saruji, anasalimia wenye bidoni. Tangu hapo mtaa mzima ulijua jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Dawa ikimezwa, anatoka. Dawa ikikosekana, anarudi.

Gracien alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kwenye mgodi wa Mashamba, ndani ya mojawapo ya mashimo yake makubwa ya wazi. Alikuwa amemwambia msimamizi wake kwamba breki za lori zinapiga mluzi. Msimamizi alimwambia amalizie zamu kwanza. Kampuni ilisema alisinzia. Ilituma jeneza, magunia ya mchele, na turubai jipya lenye jina la kampuni kwa herufi kubwa, na watu walikubali kwamba turubai lilikuwa zuri.

Mtu wa ofisini alipoleta habari, Ndaya alikuwa anachagua maharage. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Aksanti, tata," alisema.

Kisha akamaliza maharage yake, kwa kuwa maharage yaliyochaguliwa nusu hayana kazi. Wakati huohuo kutoka bombani ilipanda sauti iliyowafanya watu wa sokoni kuweka mizani chini.

Ndugu wa Gracien walitoka Bukama, wamepanda juu ya lori la samaki wakavu. Mkubwa wao alikuwa kaka yake, tata Kalumba, mtu wa sala, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Alikuja na dada yao Mbuyu. Walikuwa wamemwona Ndaya mara moja tu, siku ya mahari, na siku hiyo alikuwa msichana aliyefunikwa kitambaa kichwani kama desturi inavyotaka. Walipoingia mtaani, mtu wa kwanza waliyekutana naye alikuwa mwanamke anayegaagaa vumbini karibu na bomba, nywele wazi, blauzi imechanika begani, anamwita Gracien kwa jina la utoto ambalo mama yao peke yake alikuwa analitumia. Mbuyu alijitupa juu yake. Walilia pamoja. Wakambeba mpaka ndani ya nyumba, wakamkalisha kwenye mkeka, miguu imenyooshwa na mgongo kwenye ukuta, chini ya picha ya marehemu.

"Njo huyu bibi ya ndugu yetu," Mbuyu aliwatangazia watu, sauti imekauka. "Mungu alimupa bibi wa kweli."

Dakika hiyo Ndaya alikuwa anatoka jikoni na sinia la vikombe. Akapiga mwayo. Mama Adèle alimshika kiwiko, akamrudisha nyuma ya jiko, penye kuni.

"Ndaya, mwana yangu, usiseme kitu."

"Lakini mi njo bibi yake."

"Najua. Batu yote ya hapa banajua. Lakini bale ba kwa Bukama, bakiona bwana amekufa na bibi yake macho ni kavu hivi, bataulizana nani alimukula. Umesahau mambo ya Tatiana?"

Ndaya hakuwa amesahau. Tatiana wa barabara ya pili alifiwa na mume huku yeye mwenyewe ana malaria, hana hata nguvu ya kulia. Wakwe walimwita mchawi mbele ya jeneza. Walimtoa uani bila viatu, godoro lake wakalichoma, na hakuna jirani aliyesogea. Ndaya mwenyewe alikuwa mmoja wa majirani hao.

"Acha ule alie," Adèle alisema. "Si njo weye tu, paka weye? We leta chai."

Ndaya alilipima neno hilo. Akili ilikuwa haijampungukia hata kidogo, na kwa akili aliona kwamba Adèle amesema kweli. Akalishika sinia, akapeleka chai, na wageni, kwa kuiona sura yake, wakamdhania pacha wa mjane.

Matanga yalikwenda vizuri, kama mtu anaweza kusema hivyo. Kwaya ya parokia ilikuja. Wanaume walicheza karata chini ya turubai la kampuni. Wa Bombani alilia kilio ambacho wanawake wa mitaa mingine walikuja kukisikiliza. Alimlilia Gracien kwa viatu vyake, kwa kikohozi chake cha asubuhi, kwa namna alivyokuwa anavuta watu kutoka ukingoni mwa mashimo. Mtu wa kampuni alileta bahasha, akampa mjane kwa mikono miwili, na tata Kalumba akaipokea kwa mikono yake miwili. Gloire alilala kwenye paja la mama yake wa bombani, kidole mdomoni kama mtoto mchanga.

Ndaya alipita na birika. Kila alipofika kwenye mkeka, yule mwingine aliinua macho mekundu, akajisogeza kumwachia nafasi ya kukaa. Ndaya alisimama hapo kidogo. Alijua kwamba alimpenda Gracien. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji alikozaliwa. Alisubiri lishuke kutoka kichwani lifike kifuani, na halikushuka, na wageni walikuwa wanangoja chai.

Siku ya kuvunja matanga, tata Kalumba alisimama chini ya turubai, akasafisha miwani kwa shati. Aliwashukuru watu wa Dilala kwa moyo wao. Kisha akatangaza yale ambayo familia ilikuwa imepatana. Nyumba ilikuwa ya Gracien, kwa hiyo ni ya familia, na mtoto wake Kalumba mwenyewe, Elisée, anayetafuta kazi migodini, ataingia humo. Mtoto Gloire ni damu yao, ataenda Bukama. Mjane naye ataenda pamoja nao, wakamtunze, kwa kuwa mwanamke anayejua kulia hivi hatupwi. Lori lilikwisha kupatikana, litaondoka kesho alfajiri.

"Na weye, mama wa chai," alimaliza, akamgeukia Ndaya kwa heshima, "ulitumika sana. Mungu akuone." Akampa mfuko wa sukari iliyobaki.

Ndaya aliliweka birika chini.

"Tata Kalumba," alisema, "mi njo bibi ya Gracien. Gloire ni mutoto yangu, mi njo nilimuzaa. Na hii nyumba tulikuwa tunakaa ndani yake, mi na bwana yangu. Ata sheria haikubali mutu atufukuze."

Kalumba hakuwa mtu mbaya. Alivaa miwani yake, akamtazama vizuri.

"We njo bibi yake?"

"Njo mi."

"Bon. Lia, tuone."

Ndaya alijaribu. Aliifikiria mikono ya Gracien iliyokuwa ikinuka mafuta ya dizeli. Aliifikiria miguu yake bila viatu siku ile ya shimo, na jinsi ilivyotoka damu. Alikaza uso, akakaza shingo, akafunga macho. Watu walimwona anahangaika. Na kitu kikaanza kupanda kutoka chini, kikapita kifuani, kikafika kooni, na mdomo wake ukafunguka wenyewe. Ulikuwa mwayo, mrefu, mpaka magego yakaonekana.

Mbuyu alipiga makofi ya kuchukizwa.

"Muke anafiwa na anapiga mwayo!"

"Ni dawa, tata," Mama Adèle alisema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo. "Anakunywaka dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya huzuni."

Kalumba aliwaza. Alikuwa mtu wa kupima mambo, na hili alilipima kwa haki yote aliyokuwa nayo.

"Alianza kuikunywa wakati gani? Mbele ya kufa kwa ndugu yangu ao nyuma?"

Adèle alitazama chini. "Mbele," alisema.

"Basi, donc, alijitayarisha."

Hapo hata vijana wa pikipiki waliacha kutafuna. Majirani ambao miezi na miezi walikuwa wamejua kila kitu walianza kuangalia miguu yao, kwa kuwa kusema sasa nani ni mke ilikuwa ni kusema nani ni mchawi. Kwenye mkeka, Wa Bombani alijipigapiga kifua.

"Yeye njo mi!" alilia. "Mi njo yeye! Musitutenganishe!"

"Huzuni inamusemesha," Mbuyu alisema, akamfunika kitenge mabegani.

Kwa ajili ya yale matanga mazuri, Kalumba alisema hataki fujo. Mama wa chai atoke uani kwa amani. Ndaya alitoka na viatu vyake miguuni, jambo ambalo Tatiana hakulipata, na mfuko wake wa sukari.

Jikoni kwa Adèle, jua likiwa linazama nyuma ya vilima vya mabaki ya mgodi, waliizungumza njia iliyobaki. Adèle alikuwa ameshikwa na aibu, na aibu ilimfanya aseme haraka.

"Uache hii dawa, Ndaya. Leo leo. Ule atakurudilia, utalia, bataona na macho yao."

"Haiishake mu siku moja. Na lori inaenda kesho."

"Basi atashuka njiani, akurudilie."

"Na Gloire?"

Ndaya alilitazama jambo lenyewe kwa utulivu, upande kwa upande, kama mtu anayekagua nyanya kabla ya kununua. Mtoto atakwenda hata hivyo, mama yake anywe dawa au asinywe. Akiacha vidonge, yule mwingine atayeyuka mahali fulani baada ya mji wa Lubudi, juu ya magunia, na Gloire ataamka amezungukwa na watu ambao hawajawahi kumsimulia hadithi hata moja. Na kilio chote kile kitarudi Dilala kutafuta kifua chake, cha yule mtoto wa kiume na cha baba yake, na safari hii Gracien hayupo wa kukimbia bila viatu. Mwisho wake utakuwa shimo. Gloire atakuwa amepoteza wote wawili.

Akafungua fundo la kitenge, akatoa kidonge, akakivunja kwa kucha, akameza nusu yake na maji ya kikombe cha Adèle. Adèle aliona. Aligeuka akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Alfajiri Mbuyu alimruhusu mama wa chai amsuke mtoto kwa ajili ya safari, kwa kuwa nywele zilikuwa zimefumuka na mikono yake mwenyewe ilikuwa imechoka. Ndaya alikaa kwenye kizingiti, Gloire kati ya magoti yake, akazisuka mistari midogo, imenyooka, ya kukaa muda mrefu.

"Mama, na weye?" Gloire aliuliza.

"Mi nabaki."

"Utalia?"

"Ule atalia. Atalia yetu sisi wawili."

Gloire alifikiri.

"Ule anajua hadisi," alisema. "Lakini hajue nywele. Nani atanisuka?"

"Utamufundisha," Ndaya alisema. "Polepole. Asikuvute."

Walimpandisha mtoto juu ya lori, kwenye magunia ya chumvi, ndani ya mikono ya Wa Bombani. Lori likanguruma. Wa Bombani alimtazama Ndaya bila kupepesa, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, mkono mmoja juu ya mistari ya nywele za Gloire, na akatikisa kichwa mara moja, kama wanawake wanavyopatana jambo sokoni. Lori lilipinda kwenye kona ya shule. Ndaya alichukua bidoni za Adèle, akaenda kupanga foleni. Kwenye ukingo wa saruji hapakuwa na mtu, na mwanamke aliyekuwa mbele yake alikaa hapo akafunga kamba ya kiatu.

Siku hizi Ndaya anapanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Adèle. Anakaanga mikate na kuiuza kando ya barabara, na mikate yake ni mizuri, kila mmoja sawa na mwenzake. Elisée aliipaka nyumba rangi ya kijani. Hakupata kazi mgodini, lakini vyumba viwili amevipangisha. Akimwona Ndaya anapita, humsalimia vizuri: "Jambo, mama wa chai." Ndaya humwitikia. Malori ya kampuni yanaendelea kushuka na kupanda, na mengine breki zake zinapiga mluzi.

Madereva wa samaki wakavu ndio wanaoleta habari za Bukama. Wanasema kuna mwanamke kule kwa tata Kalumba anayelia akitwanga, na akimaliza kutwanga anaimba. Wanampa kazi nyingi. Anakasirika na Mbuyu, anamjibu, anapigwa, analia tena. Lakini mtoto hatoki kwapani mwake. Mtoto amenenepa. Nywele zake zimesukwa vibaya, mistari inakwenda kila upande. Ndaya husikiliza habari hizo kama bei ya samaki, hushukuru, na humpa dereva mkate wa bure.

Juzi Symphorien alimpima, akamuuliza maswali yake, akafurahi.

"Mama Ndaya, umesimama vizuri sasa. Tunaweza kuanza kupunguza. Polepole, bila haraka."

"Hapana, tata."

"Unaogopa?"

"Siogope. Siogopaka kitu."

"Basi juu ya nini?"

"Mutoto yangu angali mudogo," Ndaya alisema. "Ngojako akomae kwanza."

Symphorien alimtazama. Alikuwa mtu wa Dilala na alikuwa amekunywa ile chai ya matanga. Alifungua kabati, akampa vidonge, na Ndaya akapiga mwayo, akaomba radhi, akavifunga kwenye fundo la kitenge.

Jioni hiyo, kama jioni zote, alikula bila kusikia ladha, akavunja kidonge kwa kucha, akameza nusu yake. Akaosha kikombe, akakifunika. Kisha akakaa mlangoni na kujisikiliza ndani, kama mtu anayesikiliza kama mtoto amekwisha kulala. Alisikiliza kwa muda mrefu. Palikuwa kimya, hakuna kitu kabisa, na hivyo akajua kwamba kule Bukama Gloire ana mtu.